Namna ya Kupitisha Taarifa kati ya Shamba, Kinu na Maabara katika Kiwanda cha Sukari

Muwa ukishakatwa hauna subira. Sukari iliyomo huanza kuvunjika kuwa glukosi na fruktosi, na bakteria wanaoingia kupitia sehemu iliyokatwa hutengeneza dekstrani, ambayo huifanya juisi kuwa nzito na kuizuia sukari isigande vizuri kuwa chembe. Kwa sababu hiyo viwanda hujitahidi kusaga miwa ndani ya siku moja au mbili tangu ikatwe, na taarifa inayochelewa njiani kati ya idara na idara huwa hasara inayopimika maabara.

Kabla ya kununua programu au kufungua kundi jingine la WhatsApp, kaa na wakuu wa shamba, usafirishaji, mizani, kinu, boila, maabara, karakana na stoo, umwulize kila mmoja: ni uamuzi gani unaoufanya kila siku kwa kutegemea jambo linalojulikana na idara nyingine? Pale miwa inapochomwa kabla ya kukatwa, mkuu wa shamba atakwambia kwamba kila jioni huamua ni vipande vipi vya shamba vitiwe moto kwa ajili ya kesho. Basi fundi akigundua saa 9 alasiri kwamba beringi ya rola inapata joto kupita kiasi na huenda kinu kikasimama usiku, habari hiyo lazima ifike shambani kabla kiberiti hakijawashwa, kwani miwa ikishaungua hakuna tena hiari ya kusubiri. Andika kila uamuzi wa namna hii, pamoja na anayeufanya, saa yake ya mwisho na mtu anayewajibika kumpa taarifa.

Kisha wekeni kikomo kinachojulikana na wote. Mnaweza, kwa mfano, kukubaliana kwamba kinu kikisimama zaidi ya saa moja, msimamizi wa zamu ampigie mwenyewe mkuu wa usafirishaji, amtajie muda anaoukadiria wa matengenezo, na mpokeaji ayarudie maneno hayo kabla ya kukata simu. Kurudia huko huonekana kama kupoteza muda, lakini katika kelele za mitambo ndiko kunakookoa. Karibu na mizani wekeni ubao mmoja unaoonyesha tani zinazosubiri uwanjani na saa ulipokatwa mzigo wa zamani kuliko yote.

Makabidhiano ya zamu yanahitaji uangalifu kuliko yote. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu iliyokuwa imeondolewa vali yake ya usalama kwa ajili ya matengenezo iliwashwa na zamu ya usiku ambayo haikujua. Watu 167 walikufa katika milipuko na moto uliofuata. Kiwanda cha sukari nacho kina boila, mvuke na umeme, kwa hiyo daftari la zamu lisikubali sentensi kama “pampu ina tatizo”. Liandikwe hivi: “Pampu ya juisi namba 2 inavuja kwenye sili ya shafti tangu saa 4:10 usiku. Imezimwa na kufungwa kufuli. Sili imeombwa stoo, haijapatikana. Isiwashwe mpaka fundi aliyeifunga au msimamizi wake atie saini.” Anayetoka na anayeingia wasome pamoja mbele ya mtambo wenyewe, kisha watie saini wote wawili.

Njia ya taarifa kurudi shambani husahaulika mno. Maabara hupima kiwango cha sukari katika shehena za miwa, lakini mara nyingi majibu huishia ofisi ya malipo, ilhali mkuu wa shamba na mkulima wa nje, yaani anayekiuzia kiwanda miwa yake, ndio wanaoweza kuyatumia kuamua kipande kipi kivunwe kwanza. Yapelekeni kwao siku hiyohiyo, yakiwa na namba ya kipande na saa ya kukatwa. Kila Ijumaa chagueni tukio moja la kinu kusimama, mfuatilie saa kwa saa nani alijua lini, na pale mtakapoona pengo, rekebisheni ile orodha ya maamuzi kabla zamu ya usiku haijaingia.