Kabla ya kumwomba mtu akuongoze, jua unamwomba nini

Tuseme unashona nguo soko la Kadutu, hapa Bukavu, na unataka ateliye yako mwenyewe. Mama fulani ameshona miaka mingi kukupita. Huyo ni mlezi: atakuambia kitambaa gani kinachuja rangi, mteja gani usimkopeshe, na mwaka aliopata hasara alikosea wapi. Kazi yake ni kukumegea alichoishi.

Kocha, si wa mpira bali wa kukusaidia ufikiri, ni mwingine. Si lazima ajue hata kutunga uzi kwenye sindano. Yeye anauliza, wewe unajibu. Wengi hufuata maswali manne yaliyoenezwa na John Whitmore wa Uingereza (bingwa wa mbio za magari mwaka 1961, ajabu!): unataka nini? Sasa uko wapi? Njia zipi zipo? Utafanya nini, na lini? Hilo la mwisho ndilo watu hulikwepa. “Nitaanza kuweka akiba” si jibu. “Kila Jumamosi jioni, kabla sijatoka sokoni” ni jibu.

Kwa hiyo, awe mlezi au kocha, siku ya kwanza kubalianeni: mtaonana mara ngapi, kwa muda gani, na siri zako zinaishia wapi. Lengo ulitaje wewe, si yeye. Akianza kukuamulia, au kukutuma kazi zake za nyumbani kwa jina la kukulea, mwambie kwa heshima, “Mama, tulikubaliana vingine.” Asiposikia, mshukuru uondoke. Kwangu mimi, anayejua kunyamaza ukifikiri anafaa kuliko msemaji hodari.