Somo: Mbirimbi uani, na jamu ya birimbi mahali pa rubabi

Wanachama wenye jamaa Uingereza wameniomba niwafundishe kupanda rubabi, mmea ambao vikonyo vya majani yake, vyekundu na vikali, hupikwa kwa sukari. Rubabi huhitaji miezi ya baridi kali ili mizizi yake ilale kabla ya kuchipua upya, na baridi hiyo haipo Unguja wala Pemba, kwa hivyo sipendi mtu apoteze pesa zake kwa mbegu. Ukali tunaoutafuta tunao tayari katika birimbi, ambalo lina asidi ya oksaliki kama rubabi.

Kwanza, otesha mbegu mbichi kutoka birimbi lililoiva, kisha uhamishe mche mwanzo wa masika. Penye udongo wa maweni, chimba shimo pana na ulijaze udongo na samadi iliyooza, lakini maji yasituame. Mti ukikomaa, mashada ya birimbi hutoka kwenye shina lenyewe na matawi makubwa. Usiyakwangue maua yale madogo mekundu ukidhani ni uchafu wa gome.

Pili, chuma birimbi likiwa la kijani na gumu. Likianza kuwa manjano na kupenyeza mwanga, hupondeka kwa kuguswa tu na kidole gumba.

Tatu, kata kilo 1 vipande vyembamba, nyunyizia chumvi, ulaze usiku mmoja. Asubuhi kamua, suuza mara mbili, kisha pika kwa moto mdogo pamoja na sukari gramu 750, iliki na kijiti cha mdalasini, ukikoroga mpaka mwiko ukipita uache njia. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu asidi hula alumini na jamu hubeba ladha ya madini. Itie ingali moto katika chupa ya gilasi iliyochemshwa.

Suali (Wete): Mwalimu, bibi yangu hunywa maji ya birimbi mabichi kwa ajili ya presha. Je, yana madhara?

Jawabu: Nakuomba sana umzuie. Mwaka 2013 madaktari wa Kerala, India, waliripoti wagonjwa 10 walioharibikiwa figo baada ya kunywa maji mazito ya birimbi. Vipande vichache katika mchuzi wa samaki ni jambo jingine, ila mwenye ugonjwa wa figo aache kabisa.

Suali (Makunduchi): Shemeji yangu analima rubabi huko Uingereza. Majani yake yapikwe kama mchicha?

Jawabu: La, majani ya rubabi ni sumu. Huliwa vikonyo peke yake.

Suali (Mkoani): Mabirimbi yakizidi, naweza kuyagandisha katika friza?

Jawabu: Naam, yakate kwanza. Yakiyeyuka huwa laini, hivyo yafae jamu na mchuzi. Kwa achari tumia mabichi, au yaliyotiwa chumvi na kuanikwa juani.