Kabla ya kuchukuliwa tena kipande kidogo cha nyama cha kupimwa (biopsi) kwenye titi lililotibiwa
Nimejifunza hili nikimsindikiza dada yangu. Ukipangiwa biopsi tena baada ya tiba ya saratani ya titi, iombe mapema maabara iliyopima mara ya kwanza ripoti ya awali na vioo vya sampuli (vipande vya kioo vyenye sampuli ya kutazamwa kwa hadubini), uvipeleke pamoja na tarehe za upasuaji na mionzi. Kovu na mafuta yaliyokufa huweza kufanya uvimbe unaofanana na saratani, na mionzi hubadilisha sura hata ya seli zisizo na ugonjwa, hivyo mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayechunguza sampuli, anahitaji kitu cha kulinganisha. Saratani ikithibitika, omba vipokezi vya homoni na HER2 (protini za seli za saratani zinazosaidia kuchagua tiba) vipimwe upya, kwani huweza kubadilika. Vioo vikiwa vimekwisha kutupwa, peleka ripoti pekee. Tafadhali usiahirishe kipimo ukivisubiri.