Gemu inaanza fresh halafu inalagi? Cheki joto la prosesa kabla hujanunua kitu

Dalili zinafanana sana aisee, unawasha gemu iko poa kabisa, baada ya dakika kumi hivi inaanza kukatakata, feni zinapiga kelele, ukitoka ukapumzika kidogo ukirudi iko sawa halafu muda si mrefu mambo ni yale yale. Wengi wakifika hapo wanasema kadi ya grafiki imechoka au ram ni ndogo, wanaanza kutafuta hela. Tulia kwanza. Prosesa ikifika kikomo chake cha joto haizimi hapo hapo, inajipunguza kasi yenyewe isije ikaungua, na kikomo chenyewe kinajulikana, prosesa za Intel nyingi za desktop ni nyuzi 100 za Selsiasi, Ryzen (prosesa za AMD) za 5000 ni 90 au 95 inategemea na modeli.

Nitatumia mfano wa mashine iliyojaa mtaani kwetu, zile Dell OptiPlex used za ofisi, prosesa ya Intel i7-4770 ndani, mtu kachomeka kadi ya grafiki ndogo ya GTX 1650 na sasa ni ya gemu. Ila maelezo mengi yanafaa mashine yoyote.

Kwanza hakikisha ni joto kweli. Shusha HWiNFO64, ni ya bure, ukiifungua chagua sehemu ya sensa tu, iache nyuma ucheze gemu kama nusu saa halafu rudi usome. Angalia vitu viwili kwa pamoja, joto (kwa Intel ni CPU Package, kwa Ryzen ni Tctl/Tdie) na kasi ya koo zake (core, vile vitengo vya kazi ndani ya prosesa). i7-4770 kasi yake ya kawaida ni 3.4 GHz na inaweza kupanda mpaka 3.9. Ukikuta imeshuka 2.6 huku joto linacheza 99 mpaka 100, hiyo ni joto bila ubishi, na kwenye Intel kuna mstari wa Thermal Throttling (kujipunguza kasi kwa joto) utakuta umeandika Yes. Ukikuta iko 0.8 GHz na joto ni 45 tu, hilo sio joto la prosesa, usihangaike na pesti (ule ute unaopakwa juu ya prosesa kupitisha joto), hapo kuna kitu kingine kwenye madabodi, yaani bodi kuu, au umeme kinaiambia prosesa ipunguze. Kwenye laptop za Dell hii inatokea sana ukitumia chaja ambayo mashine haiitambui.

Sasa hapa ndo watu wanaparuka na ndo penye jibu: joto linapandaje? Usiangalie namba ya mwisho tu. Likiruka kutoka 45 mpaka 95 ndani ya sekunde chache ukianza kuipa kazi, maana yake hitisinki (kile chuma chenye feni kinachokaa juu ya prosesa kuipoza) haijashikana vizuri na prosesa, pesti imekauka, skrubu imelegea, au kama unatumia ya kupoza kwa maji basi pampu imekufa (shika mipira yake ya kupitisha maji kwa mkono, mmoja ukiwa wa moto sana na mwingine wa baridi, maji hayazunguki). Likipanda taratibu kwa dakika kumi na tano, ishirini, hitisinki inafanya kazi yake ila hewa ndo shida, yaani vumbi, feni au kesi (boksi la mashine). Ukishajua uko upande gani umeokoa nusu ya kazi.

Tuanze na hewa maana haina gharama. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua. Usiishie kupuliza juu juu, toa feni ya hitisinki kabisa uangalie chini yake, utakuta tabaka la vumbi limeshikana kati ya feni na vile visahani vya aluminiamu, kwa nje wala lilikuwa halionekani. Ukipuliza na blowa shikilia feni kwa kidole isizunguke, inaharibu beringi. Baadhi ya hizi mashine ndogo za ofisi zina plastiki inayoelekeza upepo kwenye hitisinki, fundi akishaitoa mara nyingi hairudishi, irudishe. Halafu cheza gemu kifuniko cha pembeni kikiwa wazi, joto likishuka nyuzi nane kumi, kesi ndo inabana hewa. Kwenye mashine za kuunganisha mwenyewe cheki na mwelekeo wa feni, ule upande wenye vijiti vya kushikilia mota ndo upepo unakotokea, unakuta mtu feni zote zinatoa nje hamna inayoingiza.

Na usijilinganishe na video za watu wa Ulaya. Mtu chumba chake kina nyuzi 20 anapata 70, we uko Dar au Mombasa mwezi wa pili chumba kina 33, kwa hitisinki ile ile tegemea kama 83 na hamna kilichoharibika.

Upande wa pesti. Iwashe mashine dakika tano ipate moto kidogo, pesti inalainika, ndo uzime na kuchomoa waya. Legeza skrubu nne za hitisinki kwa kuvuka kona kwa kona, kidogo kidogo. Kama ni Ryzen ya soketi ya AM4 (pini ziko kwenye prosesa yenyewe) usivute juu moja kwa moja, zungusha hitisinki kushoto kulia mpaka iachie, ukivuta kwa nguvu prosesa inang'oka nayo na pini zinapinda, hapo umejitafutia kilio. Futa pesti ya zamani na isopropili (aina ya spiriti) ya asilimia 90 kwenda juu kwa kitambaa kisichotoa manyoya, spiriti ya duka la dawa zingine zina mafuta, soma chupa. Weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, usipake kama siagi, hitisinki itaisambaza yenyewe. Wanaopaka dawa ya meno, kiukweli inafanya kazi siku chache halafu maji yake yanakauka na joto linarudi kubwa kuliko mwanzo. Ukirudisha kaza tena kona kwa kona. Zile hitisinki za Intel za pini nne za plastiki ndo wasumbufu zaidi, pini moja ikiwa haijaingia huwezi kugundua kwa kuangalia juu, itikise kidogo, ikicheza chomoa urudie. Na kama hitisinki ni mpya kabisa halafu inachemka, hebu cheki kama karatasi ya nailoni chini yake uliitoa. Usicheke, inatokea.

Wenye mashine mpya mna hali tofauti. Ryzen 7000 nyingi kukaa 95 zikiwa na mzigo mzito ni kawaida, AMD wenyewe wameziweka hivyo, ikikukera washa Eco Mode (hali ya kutumia umeme kidogo) ya wati 65 kwenye BIOS, yaani mipangilio ya madabodi unayoingia mashine inapowaka, kwenye gemu utapoteza kidogo sana. Intel zenye herufi K mwishoni mwa jina shida mara nyingi ni madabodi imeachia wati bila kikomo, i9-13900K kikomo chake cha juu ni wati 253, ingia BIOS uweke namba hiyo au chini yake uone joto linavyoshuka.

Kwa yule wa i7-4770 aliyefanya yote na bado iko 95, kuna njia ya bure. Nenda Control Panel, Power Options, mipangilio ya ndani (advanced), Maximum processor state itoe 100 uweke 99. Prosesa itaacha kupanda 3.9, itabaki kwenye 3.4, joto linashuka vizuri na kwa GTX 1650 fps (picha kwa sekunde) mara nyingi hazipungui za kukuumiza. Funga na fps za gemu ziwe 60 kama skrini yako ni ya 60 Hz, hamna haja ya prosesa kutengeneza picha ambazo huzioni.

Hayo yote yakigoma ndo ununue hitisinki nyingine, ila kwenye OptiPlex pima kwanza urefu na mashimo ya skrubu, na soketi ya feni kwenye nyingi sio ile ya pini 4 ya kawaida, bila adapta yake kila ukiwasha inakuletea ujumbe wa feni na kukusubiri ubonyeze F1.