Kupima majani ya mubirizi dhidi ya kuvu: tundu la kiyeyushi kitupu liko wapi?

Mdogo wangu mmoja hapa Bukavu, anayemaliza masomo ya famasia, alinitumia picha ya sahani yake ya petri, aliyopimia mubirizi, mmea wa majani machungu. Kuvu wa Candida albicans wametanda kote, isipokuwa pete safi ya milimita 18 kuzunguka tundu la dawa. "Yaya, mubirizi umeua!" Nikamuuliza: tundu la kiyeyushi kitupu, lisilo na jani ndani yake, liko wapi? Hakuwa nalo. Tukarudia kazi yote pamoja.

Hatua ya 1: Majani. Osha, anika kivulini mpaka yavunjike mkononi, twanga, chekecha. Masika yakikuchelewesha, vumilia. Yakiota ukungu, tupa.

Hatua ya 2: Kuloweka. Gramu 50 za unga kwa mililita 500 za ethanoli ya asilimia 70, siku tatu, ukitikisa asubuhi na jioni. Chuja kwa pamba, halafu kwa karatasi ya chujio. Wapo wanaopenda methanoli. Mimi siitaki: ni sumu, na hakuna mgonjwa anayenywa mubirizi wa methanoli. Afadhali uloweke fungu la pili kwa maji, kama wanavyofanya wazee nyumbani.

Hatua ya 3: Kuondoa alkoli. Hapa ndipo tulipopotelea. Ethanoli yenyewe inaua kuvu. Ukimimina mchujo mbichi kwenye tundu, utapata pete nzuri hata kama jani halina kitu. Mdogo wangu alidhani amekausha, kwa kuwa rojo lilikuwa zito. Uzito wa macho haukuambii lolote. Weka bakuli juu ya maji ya nyuzi 40 hadi 50, pima kwa mizani, rudisha, pima tena kesho yake. Acha pale tu uzito utakapokuwa haushuki tena. Sisi tulichukua siku nne. Usiharakishe kwa jiko la makala: mvuke wa ethanoli unashika moto, na joto kali linaharibu baadhi ya viini vya jani.

Kisha yeyusha rojo kwa DMSO kidogo (kiyeyushi kinachochanganyika na maji), ongeza maji safi yaliyouliwa vijidudu, ufikie miligramu 100 kwa mililita. DMSO nayo ikizidi inazuia kuvu. Kwa hiyo tengeneza chupa ya pili yenye DMSO na maji kwa kipimo kilekile, bila rojo. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye tundu nililomuuliza. Pete ikitokea hapo pia, usiandike matokeo yoyote. Punguza DMSO, anza upya.

Hatua ya 4: Agari. Ya Sabouraud, chakula cha kuoteshea kuvu, gramu 65 kwa lita ya maji. Kama huna otoklavu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), sufuria ya presha inafaa, ila kumbuka tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Presha ya paundi 15 inayotoa nyuzi 121 kule pwani, hapa inaishia karibu 118. Mimi naacha dakika 30 badala ya 15.

Hatua ya 5: Kupanda na kusoma. Tope la Candida lilingane na McFarland 0.5, kipimo cha uzito wa tope. Paka kwa pamba, toboa matundu manne ya milimita 6: rojo, kiyeyushi kitupu, nistatini (dawa inayojulikana kuua kuvu), maji. Mikrolita 50 kila moja, subiri saa nzima isambae, kisha nyuzi 35. Soma baada ya saa 24. Umeme ukikatika usiku, soma tena saa 48. Rudia kwenye sahani tatu.

Usishindanishe pete ya rojo na ya nistatini: kiini kizito hakisafiri vizuri ndani ya agari, hata kikiwa na nguvu. Ndiyo maana mimi napendelea kumalizia kwa mirija ya supu ya kuoteshea kuvu, nikipunguza dawa nusu kwa nusu mpaka kuvu waanze kuota.

Marudio yalimpa mdogo wangu milimita 9, ukihesabu na tundu lenyewe. Kiyeyushi hakikutoa pete. Alinuna kidogo, akaandika 9. Sahani zote tulizirudisha kwenye presha kabla ya kuzitupa.