Chagua mwezi kabla ya hoteli

Kama una jambo unalolipenda kwa dhati, iwe ni ndege, nyota au kupiga mbizi, usianze kupanga likizo ya tropiki kwa kutafuta hoteli. Anza na kalenda ya jambo lenyewe. Papa nyangumi hukusanyika Ningaloo, Australia, hasa kati ya Machi na Julai. Kasa wa kijani hupanda ufuoni kutaga Tortuguero, Costa Rica, kuanzia Julai hadi Oktoba. Ukifika nje ya miezi hiyo, chumba kizuri kiasi gani hakitakufidia. Mpenda nyota naye alenge siku za mwezi mwandamo, tena msimu wa ukavu.

Wapiga mbizi, hili nalisisitiza: wekeni mbizi mwanzoni mwa safari. Baada ya mbizi za siku kadhaa, subirini angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege (mimi ningengoja 24), maana nitrojeni iliyobaki mwilini huweza kutoa mapovu shinikizo la hewa linaposhuka. Kupanda mlima mrefu nako kuna hatari hiyohiyo, kwa hiyo siku ya mwisho ibaki ya matembezi ya chini.

Kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mfuko uliofungwa kama nusu saa, la sivyo lenzi itajaa ukungu.

Na ukisafiri na mwenzio asiyependa kutazama ndege, usihofu. Ndege huchangamka zaidi alfajiri. Utakuwa umerudi kabla hajamaliza kifungua kinywa.