Samadi Isiyoiva Ndiyo Inayoua Miche ya Parachichi Kwenye Viriba

Kila msimu, wiki chache baada ya mbegu za parachichi kuchipua, wenye vitalu vya Njombe, Mufindi na Rungwe huanza kuulizia dawa ya tatizo lile lile: miche ilichomoza vizuri, ikafikisha majani manne au sita, kisha ncha za majani zikakauka na kuwa za kahawia, kingo zikajikunja, na mche ukadumaa au ukafa kabisa. Wengi huuliza wakiwa wamekwisha kununua dawa ya ukungu na kuipulizia mara mbili au tatu. Lakini ukikichana kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea mche, na kuukung'uta udongo wake, mara nyingi unakuta mizizi midogo imeungua na kuwa myeusi, na katikati ya udongo kuna mabonge ya samadi ambayo ukiyavunja yanatoa harufu kali ya mkojo. Hapo hakuna ugonjwa wa kupuliziwa dawa. Mche umeuawa na samadi mbichi, ambayo mwenye kitalu aliitia kwa mikono yake mwenyewe akiamini kwamba anaupa chakula.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mche wa Hass, aina ya parachichi, hauuziki mpaka ubebeshwe, yaani uungwe na kikonyo cha mti wa Hass, na haubebesheki mpaka kishina kifikie unene wa penseli, jambo ambalo kwa baridi ya Nyanda za Juu Kusini huchukua miezi mingi. Mche uliodumaa kwa wiki nane tu unaweza kupitwa na msimu wa kubebesha, na mwenye kitalu, ambaye amekwisha kulipia viriba, mbegu, kivuli, maji na vibarua, huzikuta mvua za kupandia zimefika naye hana cha kumpa mteja.

Kinachotokea ndani ya kiriba ni hiki. Samadi ina naitrojeni nyingi ambayo, vijidudu vinapoanza kuivunja, hugeuka kwanza kuwa amonia, ile hewa yenye harufu kali ya mkojo, na amonia ni sumu kwa mizizi michanga. Shambani sehemu ya hewa hiyo hupotea na sehemu nyingine husambaa katika udongo mwingi. Ndani ya kiriba cha lita 2 haina pa kwenda. Wakati huo huo vijidudu hivyo hutumia oksijeni ile ile inayohitajiwa na mizizi, na hutoa joto. Juu ya hayo kuna chumvi. Parachichi ni miongoni mwa miti ya matunda isiyoivumilia chumvi hata kidogo, hasa kloridi, na zile ncha za majani zilizoungua ndiyo alama yake. Samadi ya kuku ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inabeba naitrojeni nyingi na chumvi nyingi kwa pamoja. Na iwapo samadi mbichi imechanganyika na maranda mengi ya mbao, huja dhara la upande wa pili: vijidudu hunyang'anya naitrojeni yote iliyomo ili viyavunje maranda hayo, na mche hugeuka njano kwa njaa wakati umezungukwa na mbolea.

Jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba samadi hiyo ni ya mwaka jana. Umri hauiivishi samadi. Samadi iliyokaa mwaka mzima kavu chini ya upenu wa banda haikuoza, ilisimama tu kwa kukosa maji, na siku unapoitia kwenye kiriba na kuimwagilia ndipo inapoanza kazi ambayo ilipaswa kuimaliza kwenye rundo. Weusi nao si ushahidi, kwa kuwa kinyesi cha ng'ombe kilicholoa huwa cheusi ndani ya wiki chache hata kama hakijafika popote. Samadi ya mbuzi inadanganya zaidi: golori zake hukauka kwa nje zikaonekana salama, na ndani zikabaki mbichi kwa miezi, kwa hiyo ni lazima zipondwe na kuloweshwa kabla ya kurundikwa.

Rundo la kuivishia liwe na upana, urefu na kimo cha angalau mita 1 kila upande, yaani takriban madebe 50 ya lita 20. Rundo dogo kuliko hilo halishiki joto, na lile linalozidi kimo cha mita 1.5 hukosa hewa katikati. Kwa samadi ya ng'ombe, kila debe 1 lichanganywe na debe 1 hadi 2 ya majani makavu au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Kwa samadi ya kuku, debe 1 kwa madebe 3. Maji yatoshe kiasi kwamba ukilifumbata tonge la mchanganyiko na kulikamua kwa nguvu, matone machache tu yatoke kati ya vidole. Yakitiririka, umezidisha, na rundo litavunda badala ya kuiva. Lisipotoa hata tone, ongeza maji unapogeuza.

Ndani ya siku 3 hadi 5 rundo litapata moto. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka rundo la kugeuzwa likae kwenye nyuzi joto 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15, na katika siku hizo ligeuzwe angalau mara 5, nami naona hicho ni kipimo kizuri cha kufuatwa hapa kwetu kwa kuwa hakiachi nafasi ya kukisia. Maana yake ni kugeuza kila baada ya siku 3, na kugeuza huko ni kuhakikisha kwamba kilichokuwa nje kinaingia katikati, si kulichokoachokoa rundo juu juu kwa uma na kuondoka. Asiye na kipimajoto achomeke nondo mpaka katikati ya rundo, aiache dakika 10, kisha aichomoe na kuishika sehemu iliyokuwa ndani: asipoweza kuivumilia kiganjani, joto linatosha. Siku hizo 15 zikiisha, kazi bado haijaisha, na hapa ndipo hata wale wanaogeuza vizuri wanapokosea. Joto limeua mbegu za magugu na vimelea vingi, lakini amonia haijamaliza kubadilika kuwa naitrati ambayo mche unaweza kuila kwa usalama. Lifunike rundo lisilowe na mvua, lipate hewa, ligeuze mara moja kila wiki 2, na ulipe muda wa miezi 2 hadi 3 katika maeneo ya joto, na miezi 4 hadi 5 kwa Njombe na Makete ambako usiku una baridi. Hivyo anayepanga kusia mbegu mwezi Machi hana budi kulianzisha rundo mwanzoni mwa Oktoba. Atakayeanza Januari asijidanganye kwamba ataifidia miezi iliyopotea kwa kuongeza maji.

Hata hivyo, kalenda peke yake haitoshi, samadi ipimwe. Chukua konzi mbili kutoka katikati ya rundo, si pembeni, zilainishe kwa maji kidogo, zitie kwenye mfuko wa nailoni, utoe hewa yote na uufunge barabara. Uuache kivulini kwa saa 72. Ukiufungua na kukuta harufu ya amonia, au ya uchachu, au ya kitu kilichooza, samadi hiyo irudi kwenye rundo kwa wiki 4 nyingine kabla ya kupimwa tena. Samadi iliyoiva hunukia udongo wa mvua ya kwanza. Ikifaulu hapo, jaza makopo mawili: moja mchanganyiko wa samadi nusu na mchanga wa mtoni nusu, jingine mchanga mtupu. Panda maharage 10 katika kila kopo, uyamwagilie sawasawa. Nimechagua maharage kwa makusudi, kwa sababu nayo hayavumilii chumvi. Mahindi ni magumu mno na yataota hata pale ambapo parachichi lingekufa. Baada ya siku 10 hesabu na linganisha. Ikiwa kopo lenye samadi limeotesha pungufu kwa zaidi ya mche 1, au majani yake ya kwanza yana kingo zilizoungua, usiitumie. Majaribio haya mawili hayagharimu hata bei ya kopo moja la dawa ya ukungu, na sioni sababu ya mwenye kitalu cha miche 5,000 kuyaruka.

Sasa vipimo vya kuchanganya. Kanuni ninayowaomba muishike ni kwamba samadi iliyoiva isizidi madebe 2 katika kila madebe 10. Kwa udongo wa tifutifu, weka madebe 6 ya udongo wa juu, 2 ya samadi na 2 ya mchanga wa mtoni ulio na chembe kubwa. Kwa udongo wa mfinyanzi, weka 4 ya udongo, 2 ya samadi na 4 ya mchanga. Samadi ikiwa ya kuku, hata kama imeiva, isizidi debe 1 katika 10, na pengo lake lizibwe kwa udongo. Kinachobadilika kufuatana na aina ya udongo ni mchanga. Samadi haiongezwi eti kwa kuwa udongo unaonekana dhaifu. Kwanza mbegu ya parachichi ni kubwa na hubeba chakula chake chenyewe cha wiki za mwanzo, kwa hiyo mche unaoanza haudai mbolea nyingi. Unadai hewa na maji yanayopita.

Kupima kwa sepetu au kwa macho kuachwe kabisa. Sepetu la samadi kavu na sepetu la mchanga uliolowa havilingani kwa ujazo, na mtu anayechota kwa kukisia huongeza bila kujua kile anachokiamini. Tumieni debe, lililojazwa mpaka ukingoni na kusawazishwa kwa fimbo bila kushindiliwa. Kiriba cha sentimita 15 kwa 30 kinachukua lita 2 hivi, na kwa kuwa mchanga hujipenyeza kati ya chembe za udongo na kupunguza ujazo, mchanganyiko wa madebe 10 hujaza viriba takriban 85. Kwa viriba 1,000 vya udongo wa tifutifu, basi, andaa madebe 72 ya udongo, 24 ya samadi na 24 ya mchanga. Vyote vipite kwenye chekecheke lenye matundu ya sentimita 1, kila kimoja peke yake kabla ya kuchanganywa; bonge la samadi linalobaki juu ya chekecheke ndilo hasa ambalo halijaiva.

Majivu yasitiwe. Najua wengi huyaweka kuzuia wadudu, lakini parachichi linataka uchachu wa udongo wa pH 5.5 hadi 6.5, na majivu huipandisha pH, yaani huupunguza uchachu huo, na kuongeza chumvi juu ya ile iliyomo kwenye samadi. Mchanga wa pwani nao haufai kwa sababu hiyo hiyo ya chumvi.

Udongo wa juu usichimbwe chini ya miparachichi ya zamani hata siku moja, kwa kuwa huko ndiko kunakoishi Phytophthora cinnamomi, kimelea cha kuoza mizizi ambacho mche hukibeba kutoka kitaluni na kukipeleka kwenye shamba la mteja. Mti mama wa Hass wenyewe, uliopandwa California katika miaka ya 1920, ulikufa mwaka 2002 baada ya kusumbuliwa kwa muda mrefu na ugonjwa huo. Mwenye shaka na udongo wake auchemshe kwa mvuke kwenye pipa lenye wavu ndani, ufikie nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika 30, bila kuzidisha. Kazi hii ifanyike kabla ya kuchanganya samadi, kwa maana mvuke ukipita kwenye samadi huzalisha upya amonia ile ile ambayo umetumia miezi mitano kuiondoa.

Mchanganyiko ukiwa tayari, unyevushwe, ufunikwe na kupumzishwa kwa siku 14. Siku ya 7 na ya 14 ingiza mkono mpaka kiwiko: ukihisi joto lolote, usijaze viriba. Viriba vikijazwa, viachwe sentimita 2 juu kwa ajili ya maji, na matundu ya chini yahakikiwe kwamba yako wazi. Mambo yakienda sawa, miche itakuwa ya kijani sawasawa na mizizi yake itakuwa myeupe.

Kwa wale ambao tayari wamekwisha kupanda na wanaona ncha zikiungua, msiongeze kitu chochote, wala urea wala booster, yaani mbolea ya kupulizia majani. Panguseni matandazo juu ya kiriba, hakikisheni matundu yanapitisha maji, kisha kila kiriba cha lita 2 kipewe lita 4 za maji safi ya mto au ya mvua, polepole, kwa vipindi vinne katika siku moja, ili chumvi ishuke na kutoka chini. Rudieni baada ya siku 7, na katikati yake msimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke kwa kina cha sentimita 3. Kiriba ambacho bado kinanuka amonia baada ya mara ya pili kimwagwe. Udongo wake utandazwe kwa unene usiozidi sentimita 10 chini ya paa, ugeuzwe kila wiki kwa miezi 2, upimwe upya kwa mfuko na kwa maharage, na ukifaulu uhesabiwe kama samadi katika yale madebe 2 kati ya 10, kamwe usihesabiwe kama udongo.